Jamani, Wanapaa Kweli!

Acha unachofanya, sogea karibu, nisikilize. Masikio bado yanalia, vidole vya miguu sivisikii, sauti imekauka kwa mayowe na moyo haujatulia hata kidogo. Nimetoka Fox River Grove! Kamji kadogo, kapole, kenye mto na kituo cha treni, mwendo wa saa moja na ushee kutoka katikati ya Chicago. Na hapo hapo, karibu na nyumba za watu, nyuma ya miti, kuna mnara umesimama juu ya kilima. Juu ya mnara watu wanakaa kwenye ubao, wanajiachia, wanateremka kwa kasi ambayo gari likiifikia mjini trafiki analisimamisha, halafu wanapaa! Wanapaa, rafiki yangu! Bila injini, bila kamba, bila parachuti, bila hata fimbo mkononi. Miguuni wana skii mbili ndefuuu, kifuani wana pumzi, basi. Na bado!

Kwanza tulimalize la runinga, maana runinga imetudhulumu vibaya mno. Kwenye skrini mrukaji wa skii anaonekana kadoa tu, kametulia, kanaelea polepole, kimya, mbali huko, na wewe unakunywa chai yako. Uongo mtupu! Nenda kasimame kwenye uzio kando ya mteremko, pale ardhi inapoanza kuporomoka, na wala huhitaji kutazama, masikio yanatosha. Spika inataja jina. Umati unanyamaza, na hakuna aliyeuambia unyamaze, ni miili tu imeshika pumzi. Kisha unakuja mvumo, shhhhh, skii ndani ya mifereji miwili ya barafu, mvumo unakua, unapanda, unakaribia, unazidi, tap! Amejirusha. Kwa kitambo kidogo hakuna sauti kabisa, hakuna kitu, unahisi kama dunia imesahau kuendelea. Halafu hewa inachanika juu ya kichwa chako. Chraaaaaa! Unamjua muuza vitambaa wa Kariakoo, anavyokata kidogo kwa mkasi kisha akachana jora zima kwa mkupuo mmoja? Ndiyo sauti yenyewe, ila jora lenyewe ni anga. Sikuwa nimejiandaa. Nani angejiandaa? Nilijikuta nimemshika mkono mzee nisiyemjua, naye wala hakushangaa, alicheka tu akatikisa kichwa, wamemzoea mgeni wa namna yangu.

Na wanapita karibu! Karibu sana, karibu kupita kiasi! Nilimwona binti mmoja, umri wa sekondari, ameuma mdomo wa chini, kidevu kimelala karibu na ncha za skii, na nyuma ya helmeti msuko mmoja wa nywele unapigapiga mgongoni kwa fujo. Usoni mwake sikuona hofu hata chembe. Niliona mtu aliye kazini. Mimi chini nimeshapiga yowe la kuita majirani, yeye juu anarekebisha kiganja kidogo tu, hivi, kidogo, kulia, na mwili mzima ukatii. Kiganja! Anaendesha mwili wake angani kwa kiganja!

Sasa njoo kwenye ajabu ambayo hakuna aliyewahi kuninong'oneza. Unatazamia watu walio juu kule mawinguni, si ndiyo? Basi hawako juu! Mrukaji akishatoka ukingoni, kilima nacho kinaporomoka chini yake, na yeye anakifuata umbo, anashuka nacho sambamba, kwa hiyo muda wote miguu yake iko mita chache tu juu ya theluji. Ndiyo siri ya kutovunjika. Anatua kwenye mteremko mkali ambao unaelekea kule kule anakoelekea yeye, kwa hiyo ardhi inampokea taratibu, haimpigi. Hatari iko mbele zaidi, pale kilima kinapolainika kuwa tambarare. Akipaa mbali mno akatua huko, magoti yanalia. Ndiyo maana siku upepo mzuri unapowabeba wote mbali kupita kiasi, waamuzi wanaushusha ule ubao wa kukalia, ili waanze chini zaidi na kasi ipungue. Mchezo ambao ukifanya vizuri sana wanakupunguzia! Nilicheka hadi machozi yakaganda kwenye kope, na hiyo si tamathali, yaliganda kweli.

Halafu mikao yao, ee Mola. Mwili umelala mbele, mikono imebanwa kiunoni, skii zimepanuka mbele kama herufi V, na hewa inawashika kwa chini. Zamani waliruka skii zikiwa sambamba, nadhifu, za kupendeza macho. Kisha miaka ya 1980 akatokea Mswidi mmoja, Jan Boklöv, akazipanua. Majaji wakamkata alama za mtindo, wakaona huyu anaharibu mchezo. Yeye akaendelea kuwapita wenzake kwa umbali hadi akachukua Kombe la Dunia la msimu wa 1988/89, na baada ya hapo kila mtu akapanua! Leo mtoto wa Fox River Grove anafungua V yake kwa raha zake, wala hana habari kwamba kuna mtu aliadhibiwa kwa ajili yake.

Na bado! Kutua! Hapa ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Mtu ametoka kupaa, sekunde zile anaweza kufurahia tu kwamba yuko hai, lakini hapana, anatakiwa atue kwa madaha. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, magoti yamekunjika, mikono imefunguka pembeni, laini, bila kuyumba. Wanaita telemaki, kwa jina la mkoa wa Telemark huko Norwei ulikokuzwa mchezo wenyewe. Usipoifanya, alama zinakatwa, hata kama umewashinda wote kwa umbali. Nimeupenda mno ukatili huu mtamu! Umepaa, vema, ila je, umetua kama mtu mwenye malezi? Majaji ni watano, na alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, kwa hiyo hata ukiwa na jaji anayekuchukia, chuki yake inaishia kwenye kapu. Laiti ofisi zetu zingeiga.

Siku ya mazoezi ni tamu kwa namna yake. Umati haupo, kelele hazipo, na ukienda kwa adabu na maswali mengi, watu wanakuonyesha vitu. Nimeishika skii! Nimeiinua! Imenipita kichwa vizuri sana, pana kupita kiganja, tumbo lake lina mifereji ya kuinyoosha njia, na bado ni nyepesi kuliko macho yanavyotarajia, unainyanyua ukijikaza bure. Kiatu kinashikwa mbele, kisigino kinaachiwa kiinuke, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwili unaweza kulala mbele vile bila kung'oka. Nimeigusa na ile ovaroli yao. Nene, ya sponji, laini ajabu, inanata kidogo kwenye vidole, ukiibana inarudi polepole yenyewe. Nilikuwa naibana, naiachia, naibana tena, hadi mwenyewe akaanza kunitazama vibaya.

Usidhani nguo hiyo ni mchezo. Ikipwaya kidogo inakuwa bawa, kwa hiyo inapimwa, inakaguliwa, inagombaniwa. Mwaka 2025, kwenye Mashindano ya Dunia ya Trondheim, tena nyumbani kwao, timu ya wanaume ya Norwei ilinaswa imeshona uzi mgumu ndani ya ovaroli ili nguo ishike hewa zaidi. Kashfa ya cherehani! Nchi iliyouzaa mchezo! Nilisimuliwa habari hii na watu wa kilimani kwa sauti ya chini, ya huzuni kabisa, kama ya msiba wa familia.

Kisha nikapandishwa mnarani. Sikiliza. Illinois ni tambarare mno, bapa kabisa, macho yanachoka kwa kukosa pa kujikwaa, kwa hiyo ukipanda ngazi zile, upepo unakuingia mikononi, unaanza kuona paa za nyumba, miti iliyobaki matawi matupu, magari madogodogo, unasahau uko wapi. Juu kabisa kuna ule ubao. Umelala kukingama njia. Mrukaji anajisogeza juu yake kwa makalio, pole pole, skii zinaning'inia kwenye mifereji, na mbele yake njia inashuka, inashuka, inakatika. Inakatika, nakwambia! Kutoka pale huuoni mteremko wa kutua. Unaona njia, halafu ukingo, halafu vichwa vya watu mbali huko chini, wadogo kabisa, na katikati hakuna kitu cha kukuhakikishia kwamba ardhi inaendelea. Kocha amesimama pembeni chini na kibendera. Akikishusha, unaachia. Hakuna anayekusukuma. Hilo ndilo lililonimaliza kabisa, unaachia mwenyewe! Nimeweka kiganja changu juu ya ubao ule, baridi yake ikapenya glovu, na magoti yangu yakatoa uamuzi bila kunishirikisha.

Wamefikaje hapa lakini, kwenye jimbo lisilo na milima? Wanorwei! Mwaka 1905 wahamiaji wa Kinorwei waliokuwa Chicago, watu wa kazi za mikono, wamekumbuka kwao hadi wakachoka kukumbuka, wakaanzisha Norge Ski Club, wakatafuta kilima, wakakipata huku kando ya mto Fox. Miongoni mwao alikuwamo Carl Howelsen, fundi mwashi, mrukaji hodari hadi sarakasi ya Barnum & Bailey ikamchukua mwaka 1907 awe anaruka na skii mbele ya watu wa mjini. Ndani ya sarakasi, na tembo! Baadaye akahamia Colorado, akauotesha mchezo kule Steamboat Springs, na kilima chao hadi leo kina jina lake. Klabu aliyoiacha Illinois nayo haikuzimika. Wakaona watu wa Chicago wanachelewa kuja kilimani, wakawapelekea kilima! Mwaka 1937 wakaruka ndani ya uwanja wa Soldier Field, mwaka 1944 wakaruka ndani ya Wrigley Field, uwanja wa besiboli kabisa, mnara umesimamishwa pale watu wanapozoea kula njugu na kulaani timu yao. Sasa hebu niambie, utawapa jina gani watu wa namna hiyo?

Sisi tukisikia skii tunamkumbuka Philip Boit, Mkenya wetu, Olimpiki ya Nagano 1998, na yule bingwa Bjørn Dæhlie aliyemsubiri kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie. Machozi kila nikikumbuka. Lakini Boit alikimbia na skii, na kukimbia tunakujua. Hiki ni kitu kingine kabisa.

Ngoja sasa nikwambie kilichonishika kuliko vyote, na si kile kilima kikubwa. Ni vile vidogo! Pembeni ya ule mkubwa wa mita 70 kuna vilima vya watoto, vimepangwa kwa ukubwa, na cha chini kabisa hata bibi yangu angekishuka akiwa ameshikilia kanga yake. Watoto wadogo, wa umri wa kuacha kopo la biskuti wazi, wamevaa helmeti kubwa kuliko mabega, wanapanda kilima kwa miguu wamebeba skii zao wenyewe. Wenyewe! Hakuna mzazi anayebeba. Wanajipanga, wanasukumana kidogo, mmoja anafuta kamasi kwa glovu, zamu yake inafika, anateremka, hop! Amepaa. Umbali wa kitanda, labda. Anatua, anayumba, halafu, hapa nilitaka kulia, anatoa kimguu kimoja mbele na kufungua vimikono pembeni. Telemaki! Kameshatua, kamesimama kabisa, ndipo kanakumbuka kwamba kalitakiwa kufanya telemaki, basi kanaifanya pale pale kakiwa kamesimama, kwa heshima. Watu wazima wote wakapiga makofi kama wa fainali. Kakapanda tena. Kakashuka tena. Na tena. Mama yake anaita chakula kimepoa, wapi!

Na usiwacheke. Timu ya wanaume ya Marekani ya kuruka iliyokwenda Olimpiki ya Pyeongchang 2018 ilikuwa na watu wanne. Watatu, Kevin Bickner, Michael Glasder na Casey Larson, wametoka kwenye klabu hii hii, vilima hivi hivi, jimbo tambarare kuliko sinia! Na bado! Olimpiki ya Beijing 2022, tena watatu kati ya wanne. Bickner mwenyewe, mwaka 2017 kule Vikersund, Norwei, alipaa mita 244.5, rekodi ya Marekani wakati huo, urefu wa viwanja viwili vya mpira na ziada. Alianzia hapa utotoni, akipanda na skii zake begani. Tangu nilijue hilo siwezi kukatazama kale katoto ka kamasi vilevile.

Wasichana je? Wamejaa! Wanaruka kilima kile kile, ubao ule ule, na hakuna anayegeuza shingo, jambo la kawaida kabisa. Lakini Olimpiki, eti, wanaume wameruka tangu 1924, wanawake wakaruhusiwa Sochi 2014. Miaka tisini! Walifika hadi mahakamani huko Kanada kabla ya michezo ya Vancouver, wakashindwa kesi, wakarudi kilimani kufanya mazoezi. Ukimwona yule binti wa msuko akipita juu yako, unatamani waliotoa uamuzi ule wangekuwa wamesimama hapo uzioni na chai ya moto mkononi, imwagike.

Nao umati, utaupenda. Siku ya mashindano wanakuja maelfu. Wapolandi wengi, maana Chicago imejaa Wapolandi na kwao mchezo huu ni dini ya pili, wanakuja na bendera nyekundu na nyeupe, wanajua kila kanuni, wanabishana na majaji wasiowasikia. Harufu ya soseji za kuchoma inapanda kilima pamoja na moshi. Kengele zinalia, zile za kuvalishwa ng'ombe, kengele mamia, kila mtu na yake, mrukaji akipaa zinalia, akitua zinalia, akipangusa miwani zinalia. Wanaopanga kila kitu ni wanachama wenyewe, wa kujitolea: anayekata tiketi ni baba wa mrukaji, anayesawazisha theluji kwa reki aliwahi kuruka, na yule wa chokoleti ya moto alinieleza habari za upepo kwa ufasaha hadi nikasahau chenji. Hilo la upepo litakuudhi, nisikufiche. Upepo ukigeuka, kila kitu kinasimama, unangoja, unaruka ruka mahali pamoja kuokoa miguu, unanung'unika. Sawa tu. Kisha kibendera kinashuka, chraaaaa, na umesamehe yote.

Ukisema baridi huiwezi, sina huruma, kwa sababu wanaruka hata bila theluji! Mteremko umetandikwa mikeka ya plastiki ya kijani, wanaimwagia maji iteleze, na wanapaa wakati wewe umevaa kandambili. Kuna mashindano yao hata majira ya majani kupukutika, miti ya bonde zima imegeuka nyekundu na rangi ya chungwa, na mtu anapita mbele yake ameinama angani. Picha yake nimeonyeshwa na mwanachama kwenye simu, nimemrudishia simu kwa shida.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Mashindano makubwa ni Januari. Uko Chicago, Milwaukee, Indianapolis, una binamu mwenye kochi la kulalia, huna kisingizio. Treni ya Metra ya njia ya kaskazini-magharibi inakuteremsha mjini hapo hapo. Soksi jozi mbili, tatu ukiweza, na viatu usivyovionea huruma. Ukiingia usibaki kule chini kabisa na wapiga picha, panda hadi nusu ya kilima, upande wa uzio, ng'ang'ania nafasi yako kama siti ya daladala, wala usianze kuniuliza kwenye simu uko wapi uko wapi, utanisikia tu. Nimeshanunua kengele!